Shikamoo Iliyobaki Mnazi Mmoja

Nawasikia vijana wakielekezana njia: "Tukutane pale kwenye sanamu." Wanasema hivyo bila hata kuinua macho, kama wanataja duka la chumvi. Mimi sivyo. Siwezi kupita pale mjini, kwenye mzunguko wa barabara kubwa, alipo yule askari wa shaba na bunduki yake iliyoelekea bandarini, nikapita hivi hivi tu. Lazima nisimame. Wenye magari hunipigia honi, na mimi huwaambia pigeni, pigeni mpasuke, nina haki yangu hapa.

Kabla ya huyo palikuwa na mwingine. Hao vijana hawamjui, lakini mimi nilimwona kwa macho yangu, zama za Mjerumani, mama aliponishika mkono kwenda mjini kuuza nazi. Alikuwa bwana mkubwa wa Kizungu, wa shaba vilevile, kasimama juu ya jiwe refu kajitanua. Chini ya miguu yake palikuwa na askari mweusi na bendera, na chini ya bendera palikuwa na simba aliyekufa. Nikamuuliza mama, simba yule kalala? Mama akanifinya. Mjini hatukuwa tunauliza maswali. Tulikuwa tunauza nazi zetu, tunaangalia ile barabara pana iliyopandwa miti pande zote mbili, na mnara wa kanisa karibu na maji, na majumba meupe yenye madirisha mengi kuliko nyumba zote za mtaani kwetu ukizijumlisha, kisha tunarudi. Nilikuwa nikirudi shingo inaniuma kwa kutazama juu.

Kati ya mji ule na mtaa wetu pako Mnazi Mmoja. Watu wanapaona kiwanja tu, mahali pa kukatiza ukitoka Kariakoo. Zamani palikuwa ni mpaka. Kule Wazungu na Wahindi, huku sisi na makuti yetu, na katikati nyasi na upepo. Ukivuka unajisikia umevuka kweli. Hata sauti yako inabadilika, unaanza kusema taratibu kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Na ni hapo hapo Mnazi Mmoja ndipo kaka yangu alipomwamkia mama mara ya mwisho, na mama hakuitika.

Nieleze vizuri. Vita vilikuwa vimefika, Mjerumani kaondoka, Mwingereza kaingia, na Mwingereza huyo alikuwa anataka wapagazi. Jeshi lake lilikuwa linaelekea kusini, kwenye misitu na mito, na mizigo haijibebi. Basi wanaume wakawa wanakamatwa. Unatoka msikitini unakamatwa, unakwenda kisimani unakamatwa. Kaka yangu alikuwa ameoa karibuni tu, hina ya mke wake haijafifia. Mama akamwambia, wewe leo usitie mguu nje. Kaka akasema ndiyo mama. Alasiri akasikia ngoma inalia upande wa Gerezani, na kaka yangu ngoma ilikuwa ugonjwa wake. Akatoka kwa mlango wa uani. Hakurudi.

Kaka na wenzake waliokamatwa waliwekwa kwenye jengo jipya la soko. Soko lenyewe lilikuwa bado halijauza hata mchicha. Mjerumani alilijenga, paa kubwa juu ya nguzo, halafu vita vikamkatisha. Mwingereza akalijaza watu. Wapagazi wakalala chini ya lile paa wakisubiri kupelekwa, na jina la Kiingereza la jeshi lao la wabeba mizigo, sisi tulivyolisikia na tulivyoweza kulitamka, ndilo likawa Kariakoo. Mnaona? Mnataja jina lao kila siku mkienda kununua nyanya.

Mke wa kaka, yaani wifi yangu, alikwenda kusimama nje ya jengo kila asubuhi na kibakuli cha wali. Mama alikataa katakata kwenda. Alikuwa na hasira zake, na mama yangu akikununia anakununia hasa. "Nilimkataza," akasema. "Mwache akome kidogo. Akirudi tutaonana."

Kaka hakutolewa. Siku moja tukasikia wanapelekwa bandarini, kuna meli inakwenda Kilwa. Mtaa mzima tukamiminika Mnazi Mmoja. Mama naye akaja, hasira na yote. Nilikuwa msichana tayari, nimeshavunja ungo, nakumbuka kila kitu. Walipita kwa mistari, kila mmoja na mzigo kichwani, vumbi hilo! Wifi akamwona wa kwanza, akapiga ukelele. Kaka akageuka, lakini hakumtazama wifi. Alimtazama mama. Akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Shikamoo, mama!"

Mama akageuza uso upande.

Akarudia. "Shikamoo, mama! Nisamehe!" Sauti ilikuwa inavunjika. Nikamvuta mama upindo wa kanga, mama, mwitikie. Akaondoa mkono wangu. Mstari ukaendelea kutembea, ukapita uwanja, ukaingia mjini kwenye ile miti, na mimi nikawa sioni tena kichwa kipi ni chake kwa sababu vyote vina mizigo.

Mama alidhani ataitikia siku atakaporudi. Ndivyo mzazi wa kwetu anavyofanya akichukizwa na mtoto: unaamkiwa, unanyamaza, mtoto anaumia, kesho anarudi na adabu, unasema marahaba, yamekwisha. Ni jambo la siku moja hilo.

Vita vikaisha. Wengine wakarudi, wembamba, na homa zao, na macho yaliyokuwa hayatulii. Kaka hakurudi. Tuliwauliza wote. Mmoja alisema alimwona mto Rufiji, mwingine akasema hapana, yule alikuwa mtu wa Bagamoyo. Hapakuja habari ya kifo wala ya uzima.

Basi hapo ndipo wifi yangu alipokwama. Mke asiyejua kama ni mke au mjane! Hawezi kukaa eda kwa sababu hakuna aliyesema mumewe kafa. Hawezi kuolewa kwa sababu hajakaa eda. Kadhi alimwambia, bibi, umengoja vya kutosha, dini inakuruhusu, njoo nikuhukumie kuwa ni marehemu, ukae eda yako uendelee na maisha. Lakini angekaaje eda ndani ya nyumba ileile ambamo mama anampakulia mwanawe chakula? Maana mama alikuwa anampakulia. Kila Ijumaa, sahani yake, na kawa juu yake. Jumamosi mama anakila yeye mwenyewe kiporo kile, hataki mtu mwingine akiguse.

Mimi na wifi tulikuwa tunagombana kama mawifi wote. Mimi nilimwambia mchuzi wake mwepesi unaweza kuoga ndani yake. Yeye aliniambia ndiyo maana mumeo kakuacha, ulimi wako unachubua. Lakini nilikuwa namtazama akizeeka mlangoni pale, na roho ilikuwa inaniuma. Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu mpole, anashonea barazani mtaa wa pili. Alikuwa ameleta posa kwa heshima, akajibiwa kuwa mwanamke ana mume. Akasema sawa, nitangoja. Na akangoja kweli. Kanzu za mtaa mzima zilishonwa na kuchakaa, yeye anangoja tu.

Mimi nilikuwa nauza vitumbua sokoni. Ndiyo, soko lile lile! Mwingereza alikuwa amelifungua sasa, watu wanauza muhogo na dagaa pale pale walipolala kina kaka. Chungu changu kilikuwa karibu na nguzo moja, na nilizoea kuigusa ile nguzo kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Mama hakuwahi kutia mguu mle ndani. Akitaka nazi anamtuma mtu.

Ndipo wakaanza kujenga tena pale mjini, mahali alipokuwa yule Mjerumani. Yeye walikuwa wameshamwangusha zamani, wakamchukua, pakawa patupu. Sasa zikaja kamba na mawe, na likaja sanduku kutoka melini ambalo wanaume walilivuta wakiimba. Kikapandishwa juu ya jiwe kitu kirefu, na kitu hicho kikafunikwa shuka na kufungwa kamba, juu mpaka chini.

Lahaula! Habari ilifika Kariakoo kabla ya adhuhuri. Waingereza wameleta maiti. Ndiyo, maiti wa vita, kavishwa sanda, kasimamishwa wima mjini hadharani. Nawaambia ukweli, hakuna aliyecheka. Sisi kitu chenye umbo la mtu, kilichofungwa kwa nguo nyeupe kichwani na miguuni, tunakijua ni nini. Hatukuwa na jina lingine la kukipa. Jioni habari ikanenepa: mifupa ya wapagazi wote imekusanywa kutoka kusini, imewekwa ndani ya lile jiwe, na huyo aliyesimama juu ni mmoja wao kwa niaba ya wenzake.

Wifi alisikia akakaa chini kwenye mchanga. "Basi ana kaburi," akasema. "Wifi, ana kaburi!"

Asubuhi wanawake tukaondoka. Tulivaa kama watu wanaokwenda mazikoni. Mmoja kabeba chetezo cha ubani, mwingine mrashi wa marashi, wifi kabeba kopo la maji ya kunyunyizia kaburi. Mama alikataa kuja. Alisema mwenye mwana hai haendi makaburini kumtafuta. Tukavuka Mnazi Mmoja, tukaingia barabara ya miti, na tulipokiona kile kirefu cheupe juu kabisa, tukasogea mpaka chini yake. Ubani ukawashwa. Bibi mmoja akaanza kusoma. Tukainua mikono.

Askari polisi aliyekuwa akilinda akaja mbio, anashika kofia isianguke. Alikuwa mtu wa bara, kijana.

"Mama zangu, mnafanya nini? Hapa si makaburini!"

"Nyamaza, tunasoma," nikamwambia.

"Hakuna maiti humo. Hiyo ni shaba!"

Yule bibi akakatiza kisomo akamtazama toka kofia mpaka viatu. "Shaba inavishwa sanda?"

Kijana akashika tena kofia yake. Akasema ni sanamu, imefunikwa isionekane mpaka siku Gavana atakapoifunua. Akasema kwa kuomba, si kwa ukali, na akatusihi tuzime ubani asije akafukuzwa kazi. Nilitaka kumtukana, ulimi ulikuwa tayari, lakini nikamwona wifi kashika kopo lake kwa mikono miwili, maji yanamwagika kwenye miguu yake mwenyewe. Tukarudi. Njia nzima alisema neno moja tu, tulipofika kiwanjani. "Hata kaburi la kusingiziwa sina."

Mama alitupokea mlangoni. "Niliwaambia yu hai," akasema, akaingia kupika.

Siku ya kufunua nilikwenda peke yangu. Nilizima moto, vitumbua nikawaachia wenzangu. Watu! Sijawahi kuona watu wengi namna ile. Wazungu wamekaa mbele kwenye viti, Wahindi na Waarabu wenye maduka wamesimama na mavazi yao ya sikukuu, na sisi nyuma, kwenye miti, kwenye kuta, popote. Askari wa zamani walijipanga na nishani vifuani, wengine mguu mmoja, wengine mkono hawana. Bendi ikapiga. Gavana akaja na kofia ya manyoya, akasema maneno ambayo upepo uliyachukua. Halafu kamba ikavutwa, na shuka likaanguka.

Sikupiga kelele. Hakuna aliyepiga. Alikuwa mtu mweusi. Peke yake! Juu kabisa, pale pale alipokuwa Mjerumani, na hakuna Mzungu juu yake wala pembeni yake. Yule askari niliyemwona utotoni chini ya miguu ya bwana mkubwa, nikaona kama ndiye huyo kainuka, kapanda. Kainama kidogo mbele, bunduki mkononi, anakwenda. Jua lilikuwa linampiga usoni. Mzee mmoja mwenye nishani karibu yangu alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye ndevu, wala hayafuti. Nami nikalia. Nilijua kabisa kwamba waliomweka pale ndio waliomchukua kaka yangu, sikuwa mjinga, lakini nililia, na nilijivuna, na sikujua naweza kujivuna namna ile katika mji ule.

Niliporudi wifi alikuwa ananisubiri. "Anafanana naye?"

"Ana bunduki," nikasema.

Mama akainua kichwa kutoka kwenye mbuzi ya nazi. "Mwanangu hakushika bunduki. Alishika mzigo. Basi si yeye, na habari yake haijaja."

Hapo nikapandwa na hasira. Yarabi, nilipandwa! "Mama," nikasema, "mwachie huyu mwanamke! Unamweka hapa kama kuku wa mtego mpaka lini? Kaka kafa. Mtaa mzima unajua kafa. Wewe mwenyewe unajua!"

Nilitegemea atanipiga kwa kifuu. Hakunipiga. Aliendelea kukuna nazi kidogo, halafu akaacha, na akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Alinishika miguu mara mbili mbele za watu, sikumwitikia. Shikamoo yake ninayo hapa," akajigusa kooni. "Nikikubali kuwa kafa, nimwitikie nani?"

Nilikwenda uani nikakaa.

Aliyetuvusha ni yule fundi. Alikuja sokoni kwa chungu changu, akanunua vitumbua ambavyo hakuwa na njaa navyo, akasubiri wateja wapungue. Hakutaka kusema na wifi moja kwa moja, alikuwa mtu wa adabu. "Dada," akasema, "nilikwenda pale siku moja baadaye, watu walipopungua. Nikasogea kabisa. Ubavuni mwa jiwe, chini ya askari, pana bamba la shaba. Juu yake wamechorwa watu wamejitwika mizigo. Na maandishi yapo, mpaka ya khati ya Kiarabu. Mimi sisemi zaidi. Nimeona tu ujue." Kisha akaondoka, vitumbua kavisahau.

Nikamwambia wifi. Wifi akapiga magoti mbele ya mama, pale jikoni, kwenye majivu. "Mama, sikuombi useme kafa. Sitaki useme hivyo. Naomba twende ukatazame tu. Ukisema si yeye, nitanyamaza mpaka nife, na hutanisikia."

Mama akamtazama. Nadhani siku ile ndiyo alimwona, kwamba na yeye nywele zimeanza kupata mvi. "Niletee buibui langu," akasema.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, kumeanza kupambazuka, umande umejaa Mnazi Mmoja. Katikati ya kiwanja mama akasimama. Hakuna alama yoyote pale, ni nyasi tu, lakini alijua mahali, na mimi pia nilijua. Akasimama akielekea mjini, midomo yake ikasogea, halafu akaendelea.

Yeye tangu vita hakuwa amevuka. Alikuwa anatazama kila kitu, ile miti iliyokua, maduka ya vioo, barabara ilivyofagiliwa. Tulipofika akainua macho, na askari alikuwa mweusi juu ya mbingu iliyoanza kuwa nyeupe, mkubwa ajabu, mama akasema "Allahu akbar," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeanza sala. Akamzunguka. Akamzunguka tena. Askari polisi alikuwapo, si yule wa kwanza. Nikamkazia macho ya aina ambayo watu wa sokoni wananijua nayo, akasogea pembeni.

Mama alisoma chuo cha Kurani akahitimu. Khati za Kizungu hazijui, lakini za Kiarabu hakuna aliyemshinda mtaani. Akayapata yale maandishi, akaweka kidole juu ya jiwe, akasoma kwa kunong'ona. Yaliwataja askari. Kisha yaliwataja wapagazi, kwamba jeshi lilitembea kwa miguu yao na likashika kwa mikono yao. Akarudia hapo. Kidole kikabaki pale.

"Wamewataja," akasema.

Ndipo akalizunguka jiwe akaliona bamba. Walikuwa pale, watu wadogo wa shaba, wamejipanga kama walivyojipanga siku ile, mizigo vichwani, wanakwenda. Hawana nyuso za kumjua mtu. Mama akainama mpaka uso wake ukawa karibu nao. Alikuwa anawapitia mmoja mmoja kwa kiganja, vichwani, kwenye mizigo, kama anapangusa vumbi.

"Hawakuwapa hata kata za kujitwikia," akasema, na hasira yake ile ya zamani ikarudi kidogo. "Vichwa vitupu hivi. Watoto wa watu!"

Kiganja kikasimama juu ya mmoja. Sijui kwa nini huyo. Hakuwa mrefu kuliko wenzake. Mama akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, na alipofungua mdomo sauti ilitoka kubwa, sauti ya kumwita mtu aliye mbali, upande wa pili wa kiwanja.

"Marahaba!"

Ndege wakaruka kwenye miti.

"Marahaba, baba! Marahaba, mwanangu! Nimekusamehe, nenda. Nenda, baba, nimekuitikia."

Alisema mara nyingi, mpaka sauti ikamkauka. Wifi alikuwa ameshika nguzo ya taa. Mimi nilikuwa nalia kwa kwikwi kama mtoto, na yule askari polisi, mtu wa watu, alikuwa amevua kofia yake bila kuambiwa na mtu.

Mama akajifuta uso kwa upindo wa buibui. Akamgeukia wifi, akamshika bega.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema. "Ukakae eda ya mumeo."

Ikawa hivyo. Kadhi akahukumu, na msikitini wakamsalia kaka sala ya maiti aliye mbali, safu zikajaa mpaka barazani. Mama ndiye aliyemfungia wifi kitambaa cheupe cha eda, ndiye aliyempikia, na Ijumaa ya kwanza alipakua sahani moja pungufu. Eda ilipokwisha fundi akaleta posa yake tena. Nguo ya harusi alikuwa ameishona siku nyingi, tukakuta hata imepauka mikunjo. Nikamwambia wifi, ona, mume kakungojea na mchuzi wako ule mwepesi. Akanipiga kibao cha mgongoni, tukacheka, tukalia.

Mama akawa anakuja sokoni sasa. Alikaa karibu na chungu changu, ameegemea ile nguzo, anawakemea wateja wangu wasiofuata foleni. Na kila tulipokwenda mjini, kwa daktari au kununua kitambaa, tulipita pale penye mzunguko. Hakuwa anasimama tena wala kuangalia bamba. Alikuwa anapita na mkoba wake, mguu unamuuma, analalamikia jua, na akifika usawa wa lile jiwe anasema kwa sauti, bila kugeuza shingo:

"Marahaba, baba."

Na watu wa barabarani wanageuka, wanatafuta nani kamwamkia.